Mjadala: Nani alipie vipimo vya afya vya wachezaji wa soka waliostaafu?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo kwa kawaida tunalizungumza msibani tu. Mchezaji wa soka hapa kwetu hupimwa afya siku anaposajiliwa, na picha yake akiwa amelala kitandani na nyaya kifuani husambazwa kila mahali, kwa sababu klabu haitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku anapoachwa, hakuna anayempima. Miaka ishirini baadaye tunasikia kwamba amepooza upande mmoja au figo zimefeli, ndipo bakuli linapotembezwa na viongozi wanapopanga foleni kupigwa picha wakikabidhi bahasha.

Mimi ni tabibu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kukaa na kipima presha pembeni ya uwanja kwenye mabonanza ya maveterani. Asubuhi moja alikuja beki wa kushoto wa zamani, mwenye umri wa miaka 61, jasho la kipindi cha kwanza likimchuruzika. Nilimpumzisha robo saa kwenye kivuli cha mwarobaini, nikampima, nikampumzisha tena, nikarudia: 192 kwa 114. Alicheka, akaniambia mashine yangu mbovu kwa sababu yeye hajawahi kuumwa hata kichwa, kisha akafunga kamba za viatu na kurudi uwanjani, nami nikimfuata huku namsihi, hadi mwamuzi akaniamuru nitoke nje ya mstari. Huyo ndiye ninayemkusudia katika mada hii: si yule aliyekwisha kulazwa, ni huyu anayekimbia.

Hoja yangu ni kwamba vipimo hivi si hisani, ni sehemu ya ajira. Utaratibu wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria ya 2003, umetuzoeza kwamba mfanyakazi wa kiwandani au mgodini hupimwa anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka, na sioni kwa nini beki aliyepiga mipira kwa kichwa miaka kumi na mitano ahesabiwe kuwa alikuwa anajifurahisha. Fedha zipo. Mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 ulitangazwa kuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Asilimia moja tu ya kiasi hicho ni zaidi ya shilingi milioni 225 kila mwaka. Tuseme kumpima mtu mmoja presha, sukari, mafuta ya damu, figo, umeme wa moyo, macho na magoti kunagharimu laki moja na nusu: kwa asilimia hiyo moja wanapimwa watu 1,500 kwa mwaka. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Morogoro

Mtoa mada, nimeisoma hoja yako mara mbili na bado sikubaliani nayo. Baba yangu alikata miwa kwa miaka 26. Mgongo umepinda, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, na hakuna Jumamosi hata moja ambayo tabibu wa kujitolea alimfuata shambani na kipima presha. Leo tunaambiwa tuwatengee fungu maalumu watu waliokuwa wakishangiliwa na uwanja mzima. Nchi hii imetunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na nguvu zote za wenye sauti zingepaswa kwenda huko, ili mkata miwa, dereva wa bodaboda na mshambuliaji wa zamani wakutane dirisha moja la zahanati wakiwa na kadi ya aina moja. Kila kundi lenye majina makubwa likijichimbia kisima chake, nani atabaki kudai kisima cha kijiji?

Isitoshe, mchezaji alikuwa na nafasi ya kujiwekea akiba.

Mchezaji wa zamani, Tanga

Ndugu yangu wa Morogoro, namheshimu sana mzee wako, lakini hilo la akiba limenigusa pabaya. Nilicheza miaka ya themanini hadi mwanzoni mwa tisini, na mshahara wa mpira kwetu ulikuwa posho ya safari na kibarua kwenye shirika lenye timu. Tazama majina ya timu za wakati ule: Reli, Bandari, Pamba, Ushirika, Sigara. Ukicheza vizuri unaandikwa karani wa bohari, na ukiumwa unatibiwa zahanati ya shirika pamoja na mkeo na watoto. Shirika langu lilipobinafsishwa, timu ilikufa, kazi ikafa, na zahanati ikawa duka la saruji.

Nitasema na jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilichomwa sindano kwenye kifundo cha mguu wa kulia kabla ya mechi tatu mfululizo, na kila mara nilicheza dakika tisini bila kuhisi chochote. Mwaka jana daktari alipoitazama picha ya mfupa aliniuliza nilichomwa dawa gani, mara ngapi, na nani. Nilikosa jibu, maana hakuna aliyeandika. Mzee wa Morogoro angalau panga lake analijua.

Daktari, Nairobi

Naomba nichangie nikiwa upande wa pili wa mpaka, ambako nasi tuna wakongwe wetu waliofika fainali ya Michezo ya Afrika mwaka 1987 pale Kasarani. Naunga mkono nia ya mtoa mada, ila naomba tusiuze vipimo kana kwamba ni kinga.

Utafiti mkubwa zaidi ninaoufahamu juu ya wachezaji wastaafu ulifanywa na kundi la Willie Stewart katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kuchapishwa mwaka 2019. Walifuatilia kumbukumbu za wachezaji 7,676 wa kulipwa wa Scotland waliozaliwa kati ya 1900 na 1976, wakawalinganisha na watu wengine zaidi ya 23,000 wa rika na mazingira yao. Vifo vinavyotokana na magonjwa ya kuchakaa kwa ubongo, kama Alzheimer, vilikuwa mara tatu na nusu zaidi kwa wachezaji, na uchambuzi uliofuata mwaka 2021 ulionyesha kwamba makipa hawakuzidi watu wa kawaida kwa namna ya kutisha huku mabeki wakifikia takriban mara tano. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba wachezaji walikufa kidogo kuliko wenzao kwa ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu, na hadi kufikia umri wa miaka 70 vifo vyao kwa jumla vilikuwa vichache. Kwa hiyo anayesema mpira umewaua wote anakosea, na anayesema mpira umewaacha salama anakosea pia.

Sasa tazameni upande wa vipimo vyenyewe. Uingereza iliwapima moyo vijana 11,168 wa akademi za soka kati ya 1996 na 2016, kwa umeme wa moyo na picha ya moyo. Walikuta 42 wenye maradhi yanayoweza kuua ghafla, jambo ambalo ni mafanikio. Hata hivyo, miongoni mwa vijana 8 waliokuja kufa ghafla kwa maradhi ya moyo, 6 walikuwa wamepimwa na kuambiwa wako sawa. Yule beki wa mtoa mada angepewa cheti kizuri leo, angeweza kukitumia kama kinga dhidi ya ushauri wa miaka kumi ijayo.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa picha za ubongo kwa mtu asiye na dalili, kwa sababu ni ghali na kwa ugonjwa wa kuchakaa kwa ubongo hatuna dawa ya kuuponya, kisha kutia nguvu kwenye vitu vinavyotibika kwa vidonge vya bei nafuu: presha na sukari. Na pombe. Na upweke, ambao mchezaji aliyezoea makelele ya watu elfu ishirini huuita uchovu. Kipimo cha hayo mawili ya mwisho ni mazungumzo ya nusu saa na mtu asiyekuwa na haraka.

Mtoa mada

Daktari, umenirudisha kwenye mstari. Sikuwa nimetaja picha za ubongo, lakini nakiri nilikuwa nazo moyoni, na nazifuta. Naongeza badala yake jambo ambalo mzee wa Tanga amelifungua bila kulitafuta, nalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mashine zote: jalada. Kila sindano, kila kuzimia baada ya kugongana vichwa, kila upasuaji wa goti uandikwe, na mchezaji akabidhiwe nakala siku anapoachwa, pamoja na kipimo cha kuagwa kinacholipiwa na klabu inayomwachia. Hilo halihitaji bilioni. Linahitaji daftari na mtu wa kuliadhibu shirikisho au klabu isipolitunza.

Ndugu wa Morogoro, baba yako hajapungukiwa kwa sababu beki amepimwa. Amepungukiwa kwa sababu aliyemwajiri hakumpima, na utaratibu uleule ninaoutaja kwa mchezaji ndio unaomhusu yeye. Bima ya wote hulipa ugonjwa unaompata kila binadamu. Kilichovunjwa na kazi kilipwe na kazi. Uingereza, mwaka 2002, afisa mchunguzi wa vifo aliamua kwamba Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyefariki akiwa na miaka 59, alikufa kwa ugonjwa uliotokana na kazi yake, yaani kupiga mipira kwa kichwa. Neno lililotumika ni kazi, si umaarufu. Tena tayari mpira una mazoea ya kukatana fedha: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu hupata fungu la kumlea. Fungu la kumuaga halipo.

Mchangiaji, Morogoro

Hilo la jalada nalikubali bila masharti. Hilo la asilimia moja ya matangazo bado nalikataa, mpaka nionyeshwe kwamba mchezaji wa daraja la pili na msichana wa ligi ya wanawake nao wamo kwenye hao 1,500, kwa kuwa najua orodha za namna hii hujazwa na majina gani kwanza. Na ningependa kujua beki wa kushoto aliishia wapi.

Mtoa mada

Swali la haki, na orodha ianzie kwa hao uliowataja. Beki alikataa dawa kwa miezi mitano. Alikubali baada ya mkewe kununua kipima presha na kukiweka juu ya televisheni, mahali anapotazama mechi. Sasa anacheza kipindi kimoja.

Mchezaji wa zamani, Tanga

Sisi huku tuna bonanza Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tabibu ukipata nafasi tutakupokea, chai na maandazi vipo, nami nitakuwa wa kwanza kuvua jezi. Ila meza yako naomba uiweke nyuma ya basi, upande wa makaburi, si karibu na benchi. Watu wazima hawa watakuja mmoja mmoja wakijifanya wanakwenda kujisaidia.