Barua ya 1835 ina mipasuo miwili, niizibe kabla ya kuipeleka mnadani?

Mleta mada:
Wakuu salaam, naombeni ushauri maana nimeshachanganyikiwa. Nina barua nimeikuta kwenye furushi la makaratasi ya Kifaransa nililonunua kwa jumla, haina stempu wala bahasha, ni karatasi moja tu imekunjwa yenyewe ikapigwa lakiri nyekundu (ile nta ya kufungia barua). Ndani imeandikwa Alexandria, Machi 1835, inaenda kwa mfanyabiashara wa Lyon, na mbele ina muhuri mweusi PAYS D'OUTREMER PAR MARSEILLE (yaani nchi za ng'ambo kupitia Marseille) na tarakimu kubwa ya wino ya kuandikwa kwa mkono. Shida ina mipasuo miwili kama imechomwa kisu, na madoa ya kahawia. Dalali mmoja kaniambia imeharibika, niiloweke madoa yatoke halafu nizibe mipasuo kwa gundi ndo itapata bei. Nifanye hivyo? Na bila stempu kuna mtu ataitaka kweli?

Mzee wa Lakiri:
Mkuu usiiguse!! Hebu angalia tarehe yako tena, Alexandria 1835, huo ni wakati tauni inaua watu Misri, na barua zote zilizotoka huko zikifika Marseille zilikuwa zinapitia lazareto, yaani karantini ya bandarini. Walikuwa wanazipasua kwa patasi ili siki au moshi wa dawa uingie mpaka ndani, kwa sababu waliamini ugonjwa unakaa kwenye karatasi. Kwa hiyo hiyo mipasuo inaweza kuwa kazi ya karantini na hayo madoa yakawa siki, na wapo watu wanaokusanya barua za karantini tu, hawataki kingine. Fanya hivi, ikunje taratibu vile vile ilivyokuwa inasafiri halafu iinue kwenye mwanga. Kama mipasuo imepita kunjo zote mahali pale pale basi ilipigwa ikiwa imefungwa. Panya hatoboi hivyo. Na maji usithubutu, wino wa miaka ile ukilowa unaweza kusambaa au kufifia ukabaki na karatasi tupu.

Bint Bahasha:
Naongezea kwenye swali la stempu. Dada/kaka, 1835 stempu zilikuwa bado hazijazaliwa, ya kwanza ni Penny Black ya Uingereza Mei 1840, sasa barua yako ingeipata wapi? Hiyo tarakimu ndiyo nauli yenyewe, ni desimi, pesa ya Kifaransa, ambazo mwenye kupokea alitakiwa alipe mlangoni, desimi moja ni santimu 10. Mimi ndo vitu vinavyonikosesha usingizi hivi, kabla ya mkataba wa Bern wa 1874 ulioanzisha Umoja wa Posta wa kimataifa kila nchi ilikuwa na makubaliano yake na nchi nyingine, kwa hiyo barua inayovuka mipaka inafika imejaa namba na mihuri, hii ya kulipwa, hii ya kudaiwa, hii ya njia iliyopita, unaisoma kama ramani. Umoja ulipoanza kazi Julai 1875 nchi wanachama zikawa na nauli ya pamoja na mbele ya bahasha pakawa pasafi, ni nzuri kwa wenye kutuma lakini kwangu utamu ulipungua hapo. Hata zile zenye stempu usibandue kamwe, ile bahasha ya Mauritius ya 1847 iliyokwenda Bordeaux kwa wafanyabiashara wa mvinyo, mnadani 1993 ilivuka faranga milioni 5 za Uswisi kwa kuwa stempu zake mbili bado zimekaa pamoja kwenye barua iliyosafiri. Yako haifiki huko, nisikudanganye.

Mleta mada:
Jamani mikono inatetemeka. Nimeikunja, mipasuo imepita kunjo zote nne mstari mmoja!! Na pembeni mwa mipasuo ndo kahawia imekolea zaidi. Kumbe nilikuwa nimeshanunua gundi.

Mzee wa Lakiri:
Hongera sana mkuu, hiyo ni dalili nzuri lakini bado ihakikiwe, maana wapo wanaopasua barua za kawaida makusudi. Tafuta mhakiki wa historia ya posta akupe cheti, usimpe dalali huyo huyo anayetaka kuinunua. Ukipeleka mnadani uliza mapema kamisheni yao kwako ni asilimia ngapi na mnunuzi anaongezewa ngapi juu ya bei ya nyundo (ile ya mwisho nyundo inapogongwa), kwa sababu mnunuzi anapiga hesabu ya jumla kabla hajainua mkono, na weka bei ya chini ambayo chini yake haiuzwi. Kwenye katalogi sisitiza waandike mipasuo ya karantini, wasiandike "imechanika". Kwa sasa iweke kwenye karatasi isiyo na asidi, plastiki zile laini zenye harufu kali hapana, selotepu hapana. Piga picha mbele, nyuma na ndani, na ile lakiri kwa karibu, kama imepigwa mbili juu ya nyingine tuambie, maana lazareto nyingine zilikuwa zinafunga barua upya kwa muhuri wao.