Mjadala: Vyuo vya jamii vya California viruhusiwe kutoa digrii ya unesi?

Bandari Kuu (mleta hoja)

Wakuu, naomba hii tuijadili kwa hesabu, ushabiki tuuweke kando. Unesi ndio mlango ambao ndugu zetu wengi walioko Marekani wanaingilia kwenye ajira yenye mshahara wa maana, na California imeuwekea mlango huo kizingiti cha ajabu.

Kwa asiyeujua mfumo: vyuo vya umma vya California vina ngazi tatu, na mgawanyo wake uliwekwa na Mpango Mkuu wa 1960, enzi za Clark Kerr, rais wa UC. UC (Chuo Kikuu cha California) ichukue sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California) ichukue theluthi ya juu, na vyuo vya jamii vimpokee yeyote anayebisha hodi. Utafiti na PhD vikabaki UC, digrii nyingi za kwanza na uzamili zikaenda CSU, na vyuo vya jamii vikaachiwa miaka miwili ya mwanzo pamoja na ufundi. Vyuo hivyo vya jamii leo ni 116, na ada yake ni dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), haijapanda tangu 2012.

Ukuta ulianza kutoboka 2014. Sheria ya SB 850 iliruhusu vyuo vya jamii 15 vijaribu kutoa digrii ya kwanza, kila kimoja programu moja. Mwaka 2021 AB 927 ikaufanya utaratibu huo wa kudumu, hadi programu mpya 30 kwa mwaka, kwa sharti kwamba isiwe digrii ambayo CSU au UC tayari wanaitoa. Kwa hiyo unapata digrii ya usafi wa meno Foothill na ya huduma za mazishi Cypress, lakini ya unesi hupati, kwa kuwa CSU wanayo. Mwaka 2024 Bunge la jimbo lilipitisha miswada miwili ya kuliondoa sharti hilo kwa unesi kwa majaribio, SB 895 na AB 2104. Gavana Newsom akaikataa yote miwili mwezi Septemba.

Msimamo wangu: iruhusiwe. Nesi wa chuo cha jamii (ADN) na nesi mwenye digrii (BSN) wanafanya mtihani uleule wa NCLEX-RN na wanapata leseni ileile kutoka Bodi ya Manesi ya jimbo, BRN. Tofauti inaonekana kwenye kuajiriwa. Hospitali kubwa, hasa zenye hadhi ya Magnet (tuzo ya ubora wa huduma za unesi), zinawaangalia wenye digrii kwanza. Huko nyuma, 2010, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilishauri asilimia 80 ya manesi wawe na digrii ifikapo 2020. Mtu akishamaliza sehemu ngumu kuliko zote, kwa nini aambiwe akaombe upya kwingine?

Zamu ya Usiku

Bandari, umeeleza historia vizuri, lakini umeruka palipo na msongamano: wodini.

BRN inataka kila mwanafunzi apate angalau saa 500 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, na ndani yake angalau saa 30 kwa kila eneo kati ya matano: wazee, wagonjwa wa kawaida na wa upasuaji, afya ya akili, uzazi, na watoto. Kundi la kawaida ni wanafunzi 8 hadi 10 kwa mkufunzi mmoja. Wodi ya watu wazima inaweza kulimeza kundi kama hilo. Wodi ya watoto yenye vitanda 12, nusu vikiwa tupu, haiwezi. Uzazi ndiko kubaya zaidi, maana hospitali nyingi za California zimefunga wodi za uzazi miaka ya karibuni. Kundi linagawanywa, wanafunzi wawili wanabaki wodini na waliobaki wanapelekwa kliniki au maabara ya kuigiza, na mkufunzi anakimbia huku na huko.

Wanaogombea nafasi hizo ni vyuo vya jamii zaidi ya 70, CSU, na vyuo binafsi ambavyo ada ya digrii ya unesi mara nyingi inapita dola 100,000. Chuo kilichokuwa na Jumanne na Jumatano kwenye wodi fulani kinaweza kuambiwa muhula ujao siku hizo zimepewa wengine. Kuna AB 1577, iliyosainiwa 2024 hiyohiyo, inayozitaka hospitali zikae na vyuo vya jamii na CSU vikiomba nafasi na zijitahidi kwa nia njema, zikishindwa zitoe maelezo kwa idara ya jimbo. Ni hatua, sikatai, ila haiongezi kitanda hata kimoja. Ongeza programu mpya za digrii na unaongeza mikono kwenye sahani ileile.

Hesabu Kwanza

Zamu ya Usiku, hapo umechanganya vitu viwili, na nadhani ndipo mjadala wote unapopotelea.

Kuna digrii ya kuanzia sifuri, inayomtoa mtu uraiani hadi leseni. Hiyo inahitaji saa 500 zote unazosema. Halafu kuna digrii ya kumalizia, kwa mtu ambaye yuko ADN au ameshapata leseni. Saa zake za wodini zimo ndani ya ADN tayari. Anachoongeza ni utafiti, takwimu, uongozi, sera na afya ya jamii. Kwa vitendo, sehemu kubwa ni zile saa 90 za afya ya umma zinazotakiwa ili BRN impe cheti cha PHN (nesi wa afya ya umma), na hizo hufanyika idara ya afya ya kaunti, shuleni au kwenye kutembelea familia majumbani. Wodi ya uzazi haiguswi.

Sasa ada. ADN pamoja na masomo ya awali ni kama yuniti 70, mara 46 unapata dola 3,220. Digrii za vyuo vya jamii hutoza nyongeza ya dola 84 kwa yuniti za juu (za mwaka wa tatu na wa nne), jumla 130. Ithibati yao inataka yuniti za juu zisizopungua 40, yaani dola 5,200. CSU mwaka wa 2025/26 ni dola 6,450 kwa mwaka, kabla ya ada za ziada za kampasi, na inapanda asilimia 6 kila mwaka kwa mpango wa miaka mitano ulioanza 2024. Tofauti ipo, ila kwa anayemaliza CSU ndani ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko inavyopigiwa kelele. Inakuwa kubwa pale RN-BSN ya CSU (hiyo digrii ya kumalizia kwa nesi mwenye leseni) inapoendeshwa kwa utaratibu wa kujitegemea, ambapo jimbo halichangii na unalipa bei kamili kwa kila yuniti. Uliza hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Mama Stashahada

Ndugu zangu, na walimu mtawatoa wapi? BRN inamtaka mkufunzi kamili awe na shahada ya uzamili na awe ameshika wagonjwa ndani ya miaka 5 iliyopita. Mwenye sifa hizo anaweza kulipwa zaidi akibaki hospitalini, akipanga zamu zake mwenyewe, bila kusahihisha kazi usiku. Matokeo yake tangazo la kazi linakaa wazi mwaka mzima na darasa la 40 linashushwa kuwa 30. Masomo ya juu yatamchukua mkufunzi huyohuyo kutoka ADN, na ADN ndiyo inayozalisha manesi wapya. Ukishamwondoa pale, umepata digrii kumi na umepoteza leseni kumi.

California inahitaji leseni. Sheria yake ya uwiano, iliyopitishwa 1999 na kuanza kutumika 2004, inazuia nesi wa wodi ya kawaida kupewa wagonjwa zaidi ya 5, na wa ICU (wagonjwa mahututi) zaidi ya 2. Kwa kuhesabu uwiano huo, nesi wa ADN na wa BSN ni nesi mmoja tu.

Hesabu Kwanza

Mama Stashahada, hoja ya walimu naikubali nusu. Somo la takwimu au la sera ya afya halihitaji mkufunzi wa wodini, linaweza kufundishwa na mtu wa idara nyingine. La uongozi wa unesi na la afya ya jamii ndiyo, yanahitaji nesi mwenye uzamili.

Mtu wa Kaskazini

Mnaongea kama jimbo zima ni Los Angeles. Huku kaskazini, Redding, kuna Shasta College, CSU ya karibu ni Chico, takriban maili 70. Mwenye zamu za saa 12 na watoto hawezi safari hiyo mara mbili kwa wiki. Na UC msiihesabu: digrii ya kwanza ya unesi iko UCLA na Irvine pekee, Davis na San Francisco wana ngazi za juu tu. Florida na Washington waliviruhusu vyuo vyao vya jamii kutoa digrii hii muda mrefu tu.

Zamu ya Usiku

Maili 70 za nini wakati CSU kadhaa zinafundisha RN-BSN kwa mtandao? Tena kuna njia ambayo wengi hawaielezwi: kusajiliwa kote kuwili kwa pamoja. Ukiwa ADN unachukua masomo ya CSU majira ya joto na ya baridi, unamaliza ADN, unafanya NCLEX, unaanza kazi, na digrii inabaki ya kumalizia kwa muda mfupi. Tangu 2009 sheria ya AB 1295 inazitaka CSU zisimrudishe nesi wa chuo cha jamii kusoma alichokwisha soma.

Dawati la Ushauri

Njia hiyo ni nzuri, ila inakwama sehemu mbili, na zote zinazuilika.

Ya kwanza ni masomo ya jumla. Mtu anaambiwa "zimebaki yuniti 30" anafurahi, kumbe hizo 30 ni za unesi tu. Digrii ni yuniti 120. Akifika CSU anakuta hana somo la fikra tunduizi, au takwimu, au kemia, na anapoteza muhula mzima. Dawa yake: kabla ya kuanza ADN, fungua ASSIST, ule mtandao wa jimbo unaoonyesha somo gani la chuo gani linakubaliwa wapi, kisha lilinganishe na karatasi ya masharti ya CSU unayoitaka. Tangu vuli ya 2025 kuna orodha moja ya masomo ya jumla kwa UC na CSU, Cal-GETC, yuniti 34. Yamalize wakati unasubiri nafasi ya ADN, kwa sababu kusubiri utasubiri.

Ya pili ni msaada wa ada. Pell, ule msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, hailipwi vyuo viwili kwa wakati mmoja. Lazima vyuo hivyo viwe na mkataba wa kuhesabiana yuniti, na kimoja ndicho kinacholipa. Pasipo mkataba, upande mmoja unalipa mfukoni. Ukiniuliza kipi kinawashinda watu njia hii, nitataja hiki kabla ya umbali.

Na kuhusu kuingia ADN yenyewe: anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia ndizo zinazopimwa, na kurudia somo kunakushusha kwenye vyuo vinavyotumia alama. TEAS, mtihani wa kuingilia unesi, ni asilimia 62 kwenda juu. Vyuo vingine ni bahati nasibu tupu, alama nzuri hazikusaidii kitu ukishatimiza kiwango. Vingine vinakataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka 5 au 7.

Kisumu Ndogo

Samahani naingilia kati. Mwenye diploma ya unesi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, anaingia wapi kwenye haya?

Dawati la Ushauri

Anaanzia BRN, kaka. Rekodi za masomo zitumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, zikipitia mkononi mwake hazikubaliwi. BRN inaangalia kama kila eneo kati ya yale matano lilisomwa darasani na kufanyika wodini kwa kipindi kimoja. Nadharia ya afya ya akili ikiwa mwaka wa pili na vitendo mwaka wa tatu, wanaweza kuliita pengo, na pengo linazibwa kwa kusoma somo hilo pamoja na vitendo vyake kwenye programu waliyoiidhinisha. Nafasi hiyo inapatikana tu wanafunzi wa kawaida wakibakiza. Akishapata leseni ndipo RN-BSN inamhusu, na hapo diploma inapelekwa kwa kampuni ya kutathmini vyeti ijulikane inahesabiwa yuniti ngapi.

Bandari Kuu

Mnaona sasa? Hata huyu wa KMTC anakwama palepale. Turudi kwenye hoja. CSU wanasema digrii hizi ni marudio na zinanyang'anyana walimu. Lakini neno "marudio" linavutwa sana. Feather River College, kule Quincy milimani, walipoomba digrii ya usimamizi wa moto wa misitu, Cal Poly Humboldt walipinga kwa sababu walikuwa na mpango wa kuanzisha yao. Ofisi ya vyuo vya jamii ikaidhinisha 2023 na ugomvi ukawa mkubwa. Ukipinga kwa mpango ambao haujaanza, hakuna kitakachopita.

Mama Stashahada

Moto wa misitu tuuache. Kwenye unesi CSU hawana mpango wa baadaye, wana programu zinazofanya kazi. Na mmeusoma mswada wenyewe? SB 895 ilikuwa kwa wilaya 10 za vyuo, na kikomo chake ni asilimia 25 ya darasa la ADN au wanafunzi 35, ipi kubwa. Chuo chenye darasa la 40, asilimia 25 ni 10. Kubwa ni 35. Yaani karibu darasa zima linaingia. Kwa vyuo vidogo kikomo kilikuwa jina tu.

Mtu wa Kaskazini

Na ndivyo inavyotakiwa iwe. Darasa la watu 10 kwa dola 130 kwa yuniti haliwezi kumlipa mkufunzi mwenye uzamili hata mmoja, achilia mbali mkurugenzi wa programu na gharama za ithibati ya kitaifa. Ungeweka asilimia 25 peke yake, vyuo vya Los Angeles vingefungua na vya huku visingeomba kabisa.

Mama Stashahada

Basi andikeni kwamba ni ya kumalizia tu, kwa mwenye leseni mkononi, na kwamba idadi ya ADN isishuke hata kiti kimoja programu ikiwepo. Hapo nitaunga mkono.

Hesabu Kwanza

La kwanza nakubali. La pili gumu: mkufunzi mmoja akistaafu katikati ya mwaka, kiti kimeshuka na digrii haikuhusika. Nani atathibitisha?