Naomba ushauri: Rae Lakes niende Julai au Septemba?

Heshima kwenu wakuu, hasa mliowahi kutembea na begi mgongoni huko Sierra Nevada, California. Nataka kuzunguka Rae Lakes, maziwa ya milimani ndani ya hifadhi ya Kings Canyon: mzunguko mzima kama kilomita 66, kuanzia Road's End kwenye mita 1,500 hivi na kupanda hadi Glen Pass, kivuko cha juu mlimani, karibu mita 3,650. Kinachonikwamisha ni tarehe.

Mapema Julai mchana ni mrefu, ila theluji inayeyuka na mito inajaa. Mito nitaivuka alfajiri, maana maji hupanda kuanzia mchana. Hofu yangu ni Glen Pass. Upande wake wa kaskazini huchelewa kuyeyuka, na asubuhi theluji huwa ngumu kama kigae. Nibebe njumu za barafu za kufunga viatuni na shoka la barafu, au fimbo za kutembelea zinatosha? Septemba pamekauka na mbu wamepungua, lakini usiku ni baridi, na mfuko wangu wa kulalia si wa kujivunia.

Halafu mwelekeo, maana mzunguko unaweza kuanzia upande wowote. Ukianza kupitia bonde la Paradise Valley mwinuko ni wa taratibu, na ile theluji unaipanda badala ya kuishuka. Ukianzia upande wa pili, kijito cha Bubbs Creek, njia inakupandisha kwa kasi wakati begi bado limejaa chakula. Mimi naegemea Paradise Valley. Mwenye sababu ya kunipinga aseme.

Kibali nitaomba mapema. Kuhusu kopo la kuzuia dubu, yaani chombo kigumu cha chakula ambacho dubu hawezi kukifungua, na ambalo huko ni lazima: chakula cha siku tano kinaingia kweli, pamoja na dawa ya meno na kila chenye harufu?