Shangazi mwembamba ana presha, jirani bonge hana. Uzito una kazi gani hapa?

MpimaNyumbaKwaNyumba

Habari zenu wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nazunguka vijijini na mashine ya presha, mizani na futikamba. Kwenye mafunzo tulisisitiziwa sana uzito: ukimkuta mtu mnene, huyo ndiye wa kumpima haraka. Sawa, nimepima. Ila ninachokutana nacho kinanichanganya.

Shangazi yangu ni mwembamba tangu namfahamu. Ana miaka 61, jembe anashika mwenyewe, maji anabeba mwenyewe. Nimempima akiwa ametulia, 168 kwa 96. Nikarudi siku nyingine, 164 kwa 98. Jirani yake ni bonge haswa, akikaa kiti kinalalamika: 118 kwa 76, na nikirudia ni hapo hapo. Shangazi akacheka, akaniambia, "Mwanangu, presha ni ugonjwa wa wanene wa mjini. Hiyo mashine yako imenichukia tu."

Sasa karatasi yangu ya ushauri, mstari wa kwanza kabisa unasema "punguza uzito". Nimwambie apunguze nini? Akitoa hata kilo tano atapeperuka.

Naomba mnisaidie. Uzito unahusika kweli, au ni wimbo tu tunaoimba? Na yule jirani nimpongeze niende zangu?

MuuguziMkongwe

Mashine haimchukii mtu. Ila tuanze na mkanda, maana hapo ndipo wengi mnapotezwa.

Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi umekusudiwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Ukiufunga kwenye mkono mnene zaidi ya hapo, namba inapanda ya uongo. Kuna jaribio lilichapishwa Marekani mwaka 2023: watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipofungwa ule wa kawaida, namba yao ya juu iliongezeka kwa wastani wa 19.5. Hiyo peke yake inatosha kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kwenye mkono mwembamba kupita kiasi mambo yanageuka, mkanda unakuwa mkubwa na mashine inasoma chini ya ukweli.

Sasa weka hilo kwenye kesi yako. Kama ulitumia mkanda mmoja kwa wote wawili, kosa la mkanda lingemwonea jirani na kumpendelea shangazi. Na bado shangazi ana 168. Kwa hiyo mwambie hivi: mashine kama imekosea, imekuhurumia.

Mengine ya upimaji naamini unayajua: apumzike dakika tano, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na wewe usimpigishe stori huku mashine inajaza hewa. Umepima siku mbili tofauti na zote zimepita 140 kwa 90, mpaka wa kuitwa presha ya juu. Hapo hakuna tena cha kubishana na mashine, aende kituo cha afya.

Kuhusu uzito: unahusika, tena sana. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka figo na ini, hayakai bure. Yanaibana figo, yanachochea neva zinazokaza mishipa ya damu, na yanachangia homoni zinazoiamuru figo ishikilie chumvi na maji. Ujazo wa damu unaongezeka huku mishipa imebana, presha itakosaje kupanda? Na mnene anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini anaongezewa mzigo mwingine usiku kucha.

Lakini uzito ni mlango mmoja, na nyumba hii ina milango mingi. Shangazi ana miaka 61. Kwa umri huo mishipa mikubwa imeanza kukakamaa, awe mwembamba au mnene. Kuna urithi: muulize wazazi wake walifariki kwa nini, kama kuna aliyepooza upande. Kuna chumvi, pombe, tumbaku, na figo zenyewe. Jembe ni zoezi zuri, silikatai, ila halifuti chumvi iliyoliwa.

Halafu kuna kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye hizo karatasi za ushauri: dawa za maumivu. Mtu anainama shambani siku nzima, jioni mgongo unawaka, anameza diklofenaki au ibuprofeni, kesho tena hivyo hivyo. Dawa za kundi hili zinaifanya figo ishike chumvi, presha inapanda, na zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Ukimuuliza "kuna dawa unatumia?" atasema hakuna, na hakudanganyi. Kwake ile si dawa, ni ya mgongo tu. Muulize hivi: "Mgongo ukikusumbua unameza nini?" Kisha nyamaza, mwache ainuke akakuletee kile kimfuko.

Jirani usimpongeze ukaondoka. Mzungushie futikamba kiunoni; kiuno kikizidi nusu ya urefu wake, tumbo lina mafuta ya kutosha kuleta shida hata kama leo namba ni nzuri. Apimwe na sukari. Presha umpime tena walau kila mwaka.

BongeLaMtu

Naomba kuwasemea wenye viti vinavyolalamika 😄

Kinachotukimbiza kwenye kupima ni mapokezi. Unaingia, kabla hata mkanda haujafungwa mtu ameshakutazama tumbo na kuanza hotuba. Mimi niliwahi kwenda kwa jino, nikatoka na semina ya kitambi. Jino liliguswa mwisho. Basi wengi wetu hatuendi mpaka tuanguke.

Aliyenisaidia ni mhudumu mmoja mzee aliyenipima kwanza, 148 kwa 94, akaniuliza kazi yangu ni ipi na nalala saa ngapi, ndipo akataja uzito. Alisema kwa wastani kila kilo moja inayotoka, namba ya juu inashuka kama 1. Nikaona kumbe ni hesabu ya kawaida, haidai miujiza. Nimetoka kilo 104 nikafika 95, na namba ya juu inacheza 137, 139. Dawa sijaacha, ila dozi imepunguzwa. Siku hizi natembea, na sikaangi kila kitu. Basi.

Kwa hiyo uzito si wimbo, mkuu. Ila upime kwanza, uimbe baadaye.

Mpekuzi

Nachangia kidogo kuhusu hilo la "wanene wa mjini", maana shangazi hajalitunga. Zamani lilikuwa na ukweli wake. Mwaka 1990 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi: presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki, na uzito pia. Hata mkojo wao ulionyesha sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, nyingi kulinganisha na potasiamu. Kijiji kilikuwa kinga ya aina fulani.

Kinga hiyo imeyeyuka. Mwaka 2019 jarida la Nature lilitoa uchambuzi wa dunia nzima wa miaka 1985 hadi 2017. Zaidi ya asilimia 55 ya ongezeko la uwiano wa uzito na urefu duniani lilitoka vijijini. Ukiangalia maisha yalivyobadilika hutashangaa: mashine zinafanya sehemu ya kazi iliyofanywa na mikono, pikipiki imekula safari za miguu, na vyakula vya viwandani vyenye chumvi, sukari na mafuta vimefika hadi mwisho wa barabara. Huduma za kupima na dawa za kila mwezi ndizo zimechelewa njiani.

Na shangazi hayuko peke yake kwa kutojali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui.

La chumvi nalo lina ushahidi wa kijijini kabisa. China walichukua vijiji 600, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Watu karibu 21,000, wote wakiwa wamewahi kupata kiharusi au wana miaka 60 na zaidi wenye presha isiyodhibitiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Hakuna aliyeambiwa akonde.

MuuguziMkongwe

Mpekuzi, hapo kwenye chumvi ya potasiamu weka alama nyekundu. Mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa za presha au moyo kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, asiiguse mpaka aongee na daktari. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Kupunguza chumvi ya kawaida hakuna kikwazo hicho: lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyokwisha kuwekwa kiwandani.

MpimaNyumbaKwaNyumba

Nimerudi na mrejesho. Nilimuuliza shangazi swali la mgongo kama nilivyoelekezwa. Kimfuko kililetwa! Diklofenaki, anameza karibu kila jioni ya msimu wa kulima. Kituo cha afya wamemwachisha, wakampa parasetamoli, wakampima upya baadaye: 156 kwa 92. Imeshuka lakini haijafika. Wameanza kumpa dawa ya presha, amlodipini.

Sasa kimezuka kingine. Miguu imevimba kwenye vifundo, viatu vinambana. Anasema dawa imemharibu figo na anataka kuiacha, arudie diklofenaki yake "iliyokuwa haina maneno". Nimjibu nini?

MuuguziMkongwe

Mjibu kwamba kuvimba vifundo ni tabia inayojulikana ya amlodipini, hasa dozi ikiwa kubwa. Inalegeza mishipa midogo, maji yanavuja kuingia kwenye nyama za miguu, na kwa kuwa anasimama siku nzima yanashuka yote chini. Hiyo si dalili kwamba dawa imeua figo.

Ila usimwishie kwa maneno. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, uone kama kishimo kinabaki. Angalia miguu yote miwili: ukivimba mmoja tu, una joto na unauma, hilo ni jambo jingine na apelekwe siku hiyo hiyo. Muulize kama anahema akilala chali, kama uso unavimba asubuhi, kama mkojo umepungua au una povu. Kama hakuna hata kimoja, arudi kituoni kwa utaratibu wa kawaida. Watapunguza dozi, au watambadilishia, au watamwongezea dawa ya kundi jingine, na uvimbe mara nyingi unaondoka. Waombe wapime na figo, kwa sababu ametumia diklofenaki muda mrefu; akishaona majibu kwa macho yake hofu itapungua.

Asiache ghafla kwa uamuzi wake. Na namba ikifika 180 kwa 110 usisubiri siku ya pili ya kupima, mpeleke. Ikiambatana na kifua kubana, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika au mkono kukosa nguvu, usimalizie hata kuandika kwenye daftari lako, tafuta usafiri.

Mgongo nao utafutiwe dawa yake, vinginevyo kimfuko kitarudi. Akae akipalilia pale inapowezekana, jembe liwe na mpini mrefu, mizigo aigawe. Parasetamoli isipomtosha aseme kituoni, asiende dukani.

BongeLaMtu

Na karatasi ya ushauri mkuu, ule mstari wa kwanza uufanyeje?

MpimaNyumbaKwaNyumba

Kwa shangazi nimeukata kwa kalamu, nikaandika "chumvi, na muulize mgongo". Kwa jirani nimeuacha. Kiuno chake sentimita 112, urefu 164. Kanipa kiti kingine nikae, chake kimevunjika mguu.