Safari ya Yucatán, Meksiko (kundi la simu la Ukoo wa Bi Tatu)

Batuli (Houston): Assalaam alaykum. Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba Zahor. Tikiti za Houston–Cancún za Julai tayari, tuko 7. Nimeona mtandaoni matembezi ya siku moja: tunachukuliwa hotelini 7:00 asubuhi, Chichén Itzá (ule mji wa magofu wa Wamaya), kuogelea kwenye senote, yale mapango ya maji, chakula cha mchana, mji wa Valladolid, kisha tunarudishwa 7:30 usiku. Nilipie?

Mjomba Zahor (Cancún): Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Tuihesabu hiyo siku kwa saa zetu. Saa 1 basi linaanza kuokota watu, hoteli baada ya hoteli. Mpaka lishike barabara kuu ni saa 2 na nusu. Kutoka Cancún hadi magofuni ni kama kilomita 200, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia. Njiani mnateremshwa kwenye duka la vinyago, mtake msitake. Mnafika getini jua la utosi, sawia na mabasi mengine yote ya pwani. Magofu mtapewa saa moja na nusu hivi, senote dakika 40, Valladolid mzunguko mmoja wa uwanja. Siku nzima imekwenda na sehemu kubwa mmeimaliza kitini.

Idrissa (Toronto): Lakini bei yake poa Mjomba, na wameandika kila kitu kimo.

Mjomba Zahor: Soma maandishi madogo ya chini. Mara nyingi kiingilio cha magofu hakimo, mnadaiwa ndani ya basi, taslimu. Chichén Itzá ina malipo mawili: moja la INAH, taasisi ya serikali kuu inayotunza mambo ya kale, la pili la jimbo la Yucatán. Kwa mgeni yote mawili yanapita peso 600 kwa kichwa. Mkijinunulia wenyewe, kabla ya kuondoka dirishani hakikisheni kila mtu ana yote mawili, maana mwenye moja anarudishwa kwenye foleni.

Salma (Mérida): Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba. Dada Batuli, dawa yake ni kulala Valladolid usiku 2. Kutoka pale hadi Chichén Itzá ni kilomita 45 tu. Geti linafunguliwa saa 2 asubuhi, na mabasi ya pwani yanaanza kumiminika kuanzia saa 4 na kitu. Mkiwa getini saa 2 kasorobo mnapata zaidi ya saa mbili za utulivu, na wachuuzi wenyewe bado wanapanga meza.

Bi Tatu (Tanga): Marahaba wanangu. Mie na pasi yangu hii ya Tanzania watanipitisha huko Meksiko? Na magoti haya?

Mjomba Zahor: Dada, tuanze na pasi. Pasi yetu peke yake inataka viza ya Meksiko. Ila mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen za Ulaya, au kadi ya ukaazi wa kudumu ya huko, anaingia bila hiyo. Batuli, fungua viza ya Mama utazame palipoandikwa idadi ya kuingia. Pakiwa na herufi M, anaweza kutoka Marekani na kurudi. Pakiwa na 1, asitoke kabla ya kuulizia: kurudi Houston huenda kukawa kazi. Idrissa nawe beba kadi yenyewe ya ukaazi, picha ya simu haitoshi.

Batuli: Nimetazama, ni M. Alhamdulillah.

Mjomba Zahor: Sasa magoti. Uwanja wa Chichén Itzá ni tambarare, na hakuna piramidi ya kupanda. Ile kubwa ya Kukulcán imefungwa kwa wapandaji tangu miaka ya 2000 baada ya mtalii kuanguka akafa. Unaizunguka tu. Urefu wake ni kama mita 30 pamoja na hekalu la juu, pande nne zenye ngazi 91 kila moja, na ukijumlisha ile ya kuingilia hekaluni unapata 365. Shida ya pale ni jua, kivuli hakuna. Kila mtu maji lita moja na nusu, kofia pana au mwavuli.

Salma: Anzeni upande wa kaskazini wa piramidi. Simama kama mita 10 mbele ya ngazi, piga kofi moja kavu. Mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, wenyewe wanamfananisha na kwezali. Sababu yake ni ngazi zenyewe: kila moja inarudisha sauti ikichelewa kidogo kuliko ya chini yake, na kadiri inavyokwenda juu mwanya unazidi kurefuka, ndiyo maana mlio unateremka. Saa 5 watu mia wanapiga makofi pamoja na husikii chochote.

Mjomba Zahor: Halafu uwanja wa mpira, mita 168 kwa 70, pete za mawe zimeng'ang'ania ukutani juu karibu mita 6. Kisha njia ya kaskazini hadi Senote Takatifu, kama mita 300. Hiyo ni ya kutazama tu, haogelei mtu. Mle ndani wachimbaji wameopoa dhahabu, jiwe la kijani la jade na mifupa ya watu waliotolewa kafara. Dada akifika hapo arudi kivulini, nyie wengine mmalizie upande wa kusini kwenye Caracol, lile jengo la mviringo lililokuwa la kutazamia nyota. Wengi hawafiki huko kwa kuwa muda wa basi lao umeisha.

Idrissa: Mtembeza wageni tunamchukua wapi?

Mjomba Zahor: Getini, mwenye kitambulisho cha serikali shingoni. Ulizeni vitu vitatu kabla ya kukubaliana: bei ni ya kundi au ya kila mtu, ni muda gani, na lugha gani. Kundi la 7 likichukua wa peke yake linapata nafuu. Ila kwenye barabara ya kuingilia kuna mapapasi kama wa Forodhani, wanakupungia gari lisimame kana kwamba wao ndio ofisi. Tiketi haziuzwi barabarani, mpiteni. Na msiende Jumapili: raia na wakaazi hawadaiwi malipo ya INAH siku hiyo, panafurika.

Batuli: Na usafiri wa kutoka Valladolid?

Salma: Kuna Hiace zinaitwa colectivo, zinaondoka katikati ya mji karibu na stendi ya mabasi ya kampuni ya ADO. Tabia yake kama daladala, haiondoki mpaka ijae. Nyie 7 mkiingia pamoja mmeshaijaza nusu. Lakini kwa ajili ya Mama kodini gari na dereva kwa siku. Mwambieni aandike kwenye ujumbe: saa za kusubiri, mafuta, na ushuru wa barabara ni juu ya nani. Hapo ndipo ugomvi wa jioni huanzia.

Idrissa: Treni mpya je? Tren Maya.

Salma: Inapita tangu Desemba 2023, mabehewa mazuri. Lakini stesheni ya Cancún iko upande wa uwanja wa ndege, ya Valladolid iko nje ya mji, na treni kwa siku ni chache. Ni nzuri kwa kuhama mji na mabegi, siyo kwa kuwahi geti saa 2.

Idrissa: Haya, tuje kwenye maji 😄 Nataka ile picha ya Suytun, mtu amesimama kwenye jukwaa la duara na mwanga unamshukia.

Salma: Jukwaa lipo, na foleni ya kulisimamia ipo. Mwanga wenyewe unashuka karibu na saa 6 mchana, na mvua zikizidi maji hupanda yakalifunika. Ninyi mnakuja Julai, msiweke roho huko. Wala Ik Kil adhuhuri: iko kilomita 3 tu kutoka magofuni, kwa hiyo mabasi yote yanamwaga watu humo. Pia maji yako kama mita 26 chini ya ardhi, ngazi ndefu ya mawe yenye unyevu. Mama Mkubwa haimfai. Nendeni Dzitnup, kilomita 7 kutoka Valladolid, kuna senote mbili ndani ya ua mmoja. X'kekén ni pango, paa lina tundu dogo, mwale wa jua unapiga majini mchana. Samulá ina mizizi ya mti inayoning'inia kutoka juu hadi karibu na maji. Mama atapata pa kukaa juu wakati nyie mmo chini.

Bi Tatu: Hizo senote ndiyo nini hasa, visima?

Mjomba Zahor: Ni kama pango la Kuza pale Jambiani, Dada, ila makubwa na maelfu. Yucatán yote imekaa juu ya chokaa, mto wa juu ya ardhi hakuna. Mvua inazama, inalila jiwe taratibu, linabaki pango lenye maji. Paa likiporomoka ndiyo senote. Wamaya walikunywa humo, na mpaka leo vijiji vinanywa maji hayo hayo ya chini, yameungana. Ndiyo sababu ya sharti la kwanza: kabla ya kuingia mnaoga bafuni, na mafuta ya kukinga jua, losheni na dawa ya mbu haviruhusiwi. Msijipake asubuhi mkidhani itakauka. Vaeni mikono mirefu ya nailoni.

Batuli: Sisi wanawake tuna mavazi ya kuogelea ya kufunika mwili. Watakataa?

Salma: Hapana, ya nailoni yanafaa. Msiingie na dera la pamba, likilowa linakuvuta chini.

Mjomba Zahor: Na hili wasikilize hasa waliokulia baharini. Maji yale ni baridi, hayana chumvi, hayakubebi. Bahari ni nzito zaidi kwa kama asilimia 2.5, inaonekana ndogo lakini mwili unaijua. Mtu anaruka kwa mazoea ya ufuo wa Raskazone wa Tanga, anaibuka amechelewa, anahaha. Tena nyingi hazina ufuo: kutoka ngazini mguu unaweza kukosa chini papo hapo, na kina cha baadhi ni makumi ya mita. Joto la maji ni kama nyuzi 24 au 25, mwili uliotoka juani unashtuka na pumzi inakatika. Vaeni jaketi la uokoaji hata anayejua kuogelea, shukeni kwa ngazi, loweni shingo na kifua kwanza. Idrissa, umesoma?

Idrissa: Nimesoma Mjomba 🙏

Bi Tatu: Na chakula? Nimesikia wao ni nguruwe tu.

Salma: Ni kweli lazima muwe macho, hasa kwenye bufee za safari, haziweki alama. Cochinita pibil ni nguruwe, poc chuc nguruwe, longaniza na lomitos za Valladolid pia. Pollo ni kuku, pavo ni bata mzinga, pescado samaki. Mtego ni mafuta: maharage na panuchos, chapati ndogo za mahindi, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni "¿tiene manteca?", yaani ina mafuta ya nguruwe, akisema sí (ndiyo), acheni. Cha salama zaidi ni samaki wa kuchoma, mayai na matunda. Ile rangi nyekundu ya kuku ni achiote, yaani zingifuri yetu ya Unguja. Na habanero ni ndugu wa pilipili mbuzi, tone moja kwanza. Usiku uwanjani wanauza marquesita, kaki nyembamba ngumu iliyokunjwa na jibini ndani.

Batuli: Mji wenyewe una nini zaidi ya kula?

Salma: Wahispania waliuanzisha 1543, wakauhamishia miaka miwili baadaye juu ya mji wa Kimaya wa Zací, na mawe ya majengo ya Zací ndiyo yaliyojenga kanisa la uwanjani. Tembeeni mtaa wa Calzada de los Frailes jioni hadi konventi (nyumba ya watawa) ya San Bernardino, ya miaka ya 1550. Uani kuna kisima kilichojengwa juu ya senote, na humo ziliopolewa bunduki za Vita vya Matabaka, vile vya Wamaya na serikali vilivyoanza 1847. Hiyo ni alasiri moja, na mvua ya Julai nayo hupiga alasiri, beba mwavuli.

Batuli: Basi ratiba yangu: Jumanne tunatoka Cancún kwa basi la saa 4, tunalala Valladolid. Jumatano saa 1 asubuhi dereva, magofu, saa 5 tunaondoka, Dzitnup saa 6, adhuhuri tunaswali hotelini, jioni konventi. Sawa?

Mjomba Zahor: Sawa, rekebisha moja. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, Valladolid jimbo la Yucatán, na Yucatán iko nyuma saa moja mwaka mzima. Kwenda mnapata saa, kurudi mnaipoteza. Tiketi ya basi huandikwa saa ya mahali linapoondokea. Simu karibu na mpaka wa majimbo hurukaruka, na kuna watu wamekosa ndege kwa hilo.

Idrissa: Na mkataba wa dereva ukisema 7:00?

Mjomba Zahor: 7:00 ya Valladolid, ambayo ni saa 1 asubuhi ya Kiswahili. Cancún wakati huo ni saa 2.

Bi Tatu: Mie nitavaa saa ya mkono, mtakuja kuniuliza.