Lishe ya nafaka saba, mbona kimo hakisogei?

Mhudumu_Bahi: Habari wadau. Kina mama wengi huku husaga pamoja mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano na karanga. Wanasaga kilo tano kwa mpigo, unga unakaa hata miezi miwili. Mtoto anakunywa vikombe viwili vya uji wake kwa siku, uzito unapanda kidogo lakini kimo kimegoma. Tuwaelekeze vipimo gani, miezi 6 hadi 12, kwa vyakula vya Dodoma hii hii?

Uwele_Mwingi: Sita kati ya hizo saba ni nafaka, nyingi yake ni wanga, majina tu ndiyo tofauti. Nafaka moja inatosha, uwele au ulezi. Vikombe 3 vya nafaka kwa kikombe 1 cha kunde: ziloweke usiku kucha, mwaga maji, zichemshe dakika kumi, anika, kaanga kidogo, ndipo usage. Saga za wiki mbili tu. Karanga zisiingie mashineni. Mafuta yake hufanya unga uote harufu. Pondaponda, weka kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli wakati wa kupika, na kijiko cha chai cha dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa na kutwangwa. Halafu uji wa kunywa kwa kikombe ni maji yaliyopakwa rangi! Ukiinamisha kijiko udondoke kwa bonge, usitiririke.

Mhudumu_Bahi: Ukiwa mzito hivyo wanautema.

Uwele_Mwingi: Tumia kimea cha ulezi. Loweka punje saa 12, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka zichipue, anika, sugua vichipukizi vitoke, saga. Uji ukiiva epua, upoe hadi kidole kistahimili, koroga kijiko kimoja cha chai. Baada ya dakika kama kumi unalegea wenyewe bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kimea kibichi kina vijidudu. Ukikitia kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi. Kimea cha mtama sikipendekezi, vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi na si wote husugua vizuri.

Ghala_Kavu: Msisahau sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, chanzo mahindi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa kabisa. Kukaanga hakuimalizi sumu, na kuku wasipewe. Anika juu ya turubai, kamwe si chini.

Mhudumu_Bahi: Mara ngapi kwa siku? Na mlenda?

Uwele_Mwingi: Miezi 6 anza na vijiko viwili vitatu, mara 2 au 3, mpaka ufike nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, ziwa likiendelea. Mlenda kaushia kivulini, jua kali hula vitamini A. Unga wa ubuyu koroga uji ukishapoa, vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini chuma. Chai asipewe, inafanya kinyume chake.