Hasira haziishi na niko kwaya. Je, nimeokoka kweli?

Mama Dagaa, Kibirizi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa Neno, siyo kubembelezwa.

Nauza dagaa hapa Kibirizi. Kabla ya Pasaka nilifiwa, nikaenda kuzika Kakonko. Mzigo wangu ulikuwa kwenye chanja, nikamwachia mwenzangu wa kwaya auanue, auze, aniwekee hela. Kauza, 320,000. Hela sijaiona mpaka leo. Nikimuuliza pale nje ya kanisa ananiambia "tuvumiliane, mpendwa". Juzi kaja na kitenge kipya! Na tunasimama bega kwa bega, sauti ya pili. Nikitaka kuimba koo linakaba.

Mwalimu wa kwaya kasema nimwachie Mungu. Mama mmoja wa maombi kasema aliyeokoka hawi na hasira. Sasa mimi ndiyo sijaokoka? Wiki hii ni mbalamwezi, mitumbwi haiingii ziwani, mzigo hakuna, nashinda nyumbani na jambo hilo tu kichwani. Usiku silali.

Barikiwa Tu
Amen mama. Mwachie Mungu, Yeye anajua 🙏

Mama Dagaa, Kibirizi
Hilo nimeshaambiwa, mwanangu.

Mzee wa Kasulu
Pole na msiba, mama. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na kesi za kudaiana kati ya wapendwa nimezisikiliza kuliko hata za ndoa.

Hilo la kwamba aliyeokoka hakasiriki silikubali. Fungua Marko 3:5. Yesu yuko ndani ya sinagogi siku ya sabato, mbele yake mtu mwenye mkono uliopooza, na watu wanamvizia waone kama ataponya wapate la kumshitaki. Imeandikwa akawakazia macho kwa hasira. Yesu huyo huyo tunayemwimbia! Ila angalia alichofanya na hasira yake: hakuwarukia, alimwambia yule mgonjwa anyoshe mkono. Na Paulo katika Waefeso 4:26 hakatazi hasira, anakataza dhambi, kisha anaweka muda: jua lisichwe ungali na uchungu. Kwako limekuchwa mara nyingi mno.

"Mwachie Mungu" makanisani kwetu mara nyingi maana yake ni "usituletee kesi". Mathayo 18:15 inakutuma wewe: nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Kumuuliza nje ya kanisa watu wakipita siyo kuonya. Mfuate kwake, ukae, utaje kiasi, umwambie na hilo la koo kukaba. Huenda hela hana. Basi mpangiane alipe kidogo kidogo, na iandikwe. Kitenge achana nacho, hujui kanunuliwa na nani.

Nesi wa Mwanga
Shikamoo mzee, naongezea kidogo. Dada, unakula? Elia alipoomba afe pale chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwambia ainuke ale. Akala, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Maswali ya "unafanya nini hapa" yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu.

Kwa hiyo usipime wokovu wako wiki ya mbalamwezi, kazi huna na usingizi huna. Tena umefiwa juzi tu. Hicho kinachokukaba kooni sidhani kama chote ni cha dagaa. Soma Zaburi 88 kwa sauti ukiwa peke yako: inaanza na kilio, inaishia gizani, hakuna "lakini nitakusifu" mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Usingizi ukiendelea kukataa nenda kituo cha afya, wala usione aibu. Wapendwa wengi wanakuja.

Mama Dagaa, Kibirizi
Nesi umenigusa. Niliyemzika ni mama mdogo, ndiye aliyenilea. Tangu nirudi sijapata hata siku ya kumlilia, nilirudi nikakuta hili la hela.

Mzee, nitamfuata kwake Jumamosi. Akinijibu jeuri je?

Mzee wa Kasulu
Mstari wa 16: unarudi na mtu mmoja au wawili. Mchukue mtunza hazina wa kwaya. Mumeo abaki nyumbani, nahisi ana hasira kukuzidi.

Mama Dagaa, Kibirizi
Hahaha, mzee umejuaje?